Timu Ikifungwa, Mwalimu Hufungashiwa Virago

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huu tumeuandika kwenye kanga, tumeuchora ubavuni mwa magari, na watoto wetu hufundishwa shuleni. Lakini ipite jioni moja ambayo timu yetu imefungwa, ndipo utakapoona ni wangapi miongoni mwetu wanaouamini. Baba aliyeondoka nyumbani akiimba hurudi kimya. Chakula hukiona hakina chumvi, na mtoto anayeuliza matokeo hujibiwa kwa ukali kana kwamba ndiye aliyekosa penalti. Mama mwenye nyumba, ambaye yumkini ni shabiki wa upande wa pili, hulazimika kuificha furaha yake mpaka asubuhi. Na usiku huo huo, katika vijiwe vyote vya mji, baraza huwa limekwisha kutoa hukumu: mwalimu aondoke!

Ndugu msomaji, juma hili napenda tulizungumze jambo hili la mwalimu kuondoka. Nimelichagua kwa sababu namna tunavyojadili kufungwa kwa timu zetu ndiyo namna tunavyojadili mashaka ya nyumba zetu, na watoto wapo kando wanatusikiliza.

YA KALE DHAHABU

Tuchukue mfano wa klabu moja ambayo wengi wetu twaijua, ama kwa mapenzi ama kwa utani: Simba ya Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1936 na ikaitwa kwa majina kadhaa, likiwamo la Sunderland, kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0 na kutawazwa bingwa wa Tanzania Bara. Siku ile Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga mawili. Hata mlinda mlango, Juma Kaseja, aliitwa mbele akapiga penalti na kufunga. Wanamsimbazi waliona kwamba dunia imekuwa yao.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 17 Mei, kiungo Patrick Mafisango, mmoja wa waliofunga mabao yale matano, alifariki dunia kwa ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Msiba ule uliizima sherehe. Kisha likafuata jambo ambalo hakuna shabiki aliyelitarajia: miaka mitano mizima ilipita bila Simba kuliona kombe la ligi. Msimu wa 2012/13 ubingwa ulikwenda Yanga. Uliofuata ulikwenda Azam, timu changa kuliko wana wa wengi wa wanachama, nayo ilimaliza ligi bila kufungwa hata mchezo mmoja. Kisha Yanga tena, na tena, na tena. Simba ilimaliza ya tatu, ya nne, ya tatu, ya tatu, na mwishowe ya pili. Barani Afrika haikuonekana tena baada ya mwaka 2013, huku watani wakijiita "wa kimataifa" na kuwauliza Wanamsimbazi kama pasi zao za kusafiria bado hazijaisha muda.

Katika miaka ile ya ukame, aliyepita kwenye kijiwe chochote cha kahawa pale Kariakoo aliyakuta mazungumzo yale yale. Mzee mmoja, mwenye kofia ya kiua na kikombe cha kahawa mkononi, husema:

"Nyinyi vijana mmeona nini? Sisi tumeiona Simba ya 1974. Ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti tu. Tumeiona Simba ya 1977 ikiwapa Yanga sita bila, na Kibadeni peke yake akatia tatu. Wale walikuwa wachezaji!"

Kijana naye, ambaye amelisimamisha gari lake la abiria kando ili apate kikombe kimoja, hujibu kwa adabu lakini hakubali kunyamaza:

"Shikamoo, mzee wangu. Hiyo sita bila twaiheshimu. Lakini haituongezei pointi hata moja katika msimamo wa leo."

Hapo huingia mtu wa makamo. Yeye dhahabu yake ni ya mwaka 2003, Simba ilipokwenda Cairo kuikabili Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, ikamvua taji kwa mikwaju ya penalti huku Kaseja akiwa golini. Mwingine hukumbusha fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993: sare ya bila kufungana ugenini Abidjan, kisha huzuni ya kufungwa 2-0 na Stella mbele ya umati wetu wenyewe. Kila mmoja ana Simba yake, na kila mmoja Simba yake ni ya siku zile alipokuwa na miaka ishirini na magoti yasiyouma.

Simlaumu yeyote kati yao. Kumbukumbu ya ushindi ni urithi, na klabu isiyo na wazee wa kusimulia ni timu ya kukodi tu. Ila twapaswa kutambua kwamba ya kale tunayoyasimulia yamekwisha kuchujwa. Mzee anayeisifu Simba ya 1974 hasemi kwamba mwaka huo huo, katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga iliifunga Simba 2-1. Na anayeisifu sita bila ya 1977 huiruka tarehe 1 Juni 1968, ambapo Yanga ilitoa tano bila. Mababu wa dhahabu nao walifungwa, wakarudi nyumbani kwa miguu wakiwa wameinamisha vichwa. Tukiwaficha watoto wetu habari hiyo, tunawafundisha kwamba zamani watu hawakushindwa, na kwamba kushindwa ni aibu mpya iliyoletwa na mtu fulani. Basi mtu huyo hutafutwa, naye hapatikani kwa shida, kwa maana huwa ameketi pale kwenye benchi, amevaa traksuti na filimbi shingoni.

WALIMU TISA

Hebu tuhesabu pamoja. Milovan Ćirković, raia wa Serbia, ndiye aliyekuwa mwalimu wa mabao matano. Kabla mwaka ule wa 2012 haujaaga, alikuwa amekwisha kwenda zake. Akaja Mfaransa Patrick Liewig, ambaye aliwaamini vijana waliolelewa na klabu yenyewe, naye akaondoka. Wakafuata Abdallah Kibadeni, Mtanzania mwenzetu; Zdravko Logarusic wa Croatia; Patrick Phiri wa Zambia; Goran Kopunović wa Serbia; Dylan Kerr wa Uingereza; Jackson Mayanja wa Uganda; na Joseph Omog wa Cameroon, ambaye naye aliondolewa Desemba 2017. Hao ni walimu tisa katika muda wa miaka mitano na ushei.

Sasa mzazi, nakuuliza. Mwanao angebadilishiwa mwalimu wa hesabu mara tisa tangu darasa la kwanza hadi la tano, kila mmoja na njia yake, mmoja akimwambia ajumlishe kutoka kulia na mwingine akimwambia atupe daftari aanze upya, je, ungeshangaa mtoto akifeli? Na akifeli, ungekimbilia kumtafuta mwalimu wa kumi?

Si kwamba watu hawa hawakuijua kazi. Phiri ndiye aliyeiongoza Simba kuchukua ubingwa wa msimu wa 2009/10 bila kupoteza mchezo wowote. Aliporudi mwaka 2014 timu ilianza ligi kwa sare sita mfululizo, na mtu yule yule aliyebebwa juu kama bwana harusi akaonekana hafai. Omog, kabla ya kuja Msimbazi, alikuwa Azam iliponyakua ubingwa wa 2013/14. Akiwa na Simba msimu wa 2016/17 alifikisha pointi 68, sawasawa na Yanga, akakosa kombe kwa tofauti ya mabao tu; akatwaa Kombe la FA kwa kuifunga Mbao 2-1 mjini Dodoma na kuirudisha klabu katika mashindano ya Afrika. Miezi saba baadaye timu ilitolewa katika kombe hilo hilo na Green Warriors, timu ya daraja la chini, kwa penalti, na hapo hapo safari yake ikaishia.

Lakini katika orodha hii yote hakuna kisa kinachonigusa kama cha Kibadeni.

KIBADENI YULE YULE

Abdallah Kibadeni ndiye yule wa mabao matatu ya 1977. Ndiye ambaye wazee walimwita "King", wakamtaja kila walipotaka kuwaonyesha vijana mchezaji ni mtu wa namna gani. Tena ndiye aliyekuwa mwalimu wa Simba ile iliyofika fainali ya mwaka 1993. Kwa hiyo mwaka 2013, alipoitwa kutoka Kagera Sugar kuja kuiokoa klabu yake, Wanamsimbazi walikuwa wameyapata yale yote waliyokuwa wakibishania, katika mtu mmoja. Ya kale alikuwa yeye. Mchezaji mfano alikuwa yeye. Mwalimu naye alikuwa yeye.

Tarehe 20 Oktoba 2013 Simba na Yanga zilikutana. Hadi mapumziko Yanga ilikuwa mbele kwa mabao 3-0, na baadhi ya mashabiki wa Simba walikuwa wakitafuta njia ya kutokea. Kipindi cha pili vijana wa Kibadeni wakarudisha yote matatu, mchezo ukaisha 3-3. Jioni ile waliolia ni Wanajangwani, na waliosherehekea sare kama ubingwa ni Wanamsimbazi.

Je, ulinzi wa jina, wa mabao matatu ya 1977, wa fainali ya 1993 na wa jioni ile ya Oktoba ulidumu kwa muda gani? Kabla mwaka 2013 haujaisha, Kibadeni alikuwa ameondolewa, na Logarusic amekwisha kukaa mahali pake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo. Tulidhani tunabishana kwa sababu ya mapenzi yetu kwa historia. Historia ilipokuja yenyewe ikakaa kwenye benchi, tuliifungashia virago kama mgeni yeyote. Basi hatukuwa tukiitaka ya kale itufundishe. Tulikuwa tukiitumia kama fimbo ya kuwachapia waliopo. Na fimbo hailindwi na aliyeishika.

NA FEDHA ZA OKWI?

Turudi kijiweni, maana tulimwacha mtu mmoja hatujamsikiliza. Katika kila baraza la namna ile huwapo mama anayeuza vitumbua. Yeye hakwenda uwanjani, ila husikia kila kinachosemwa tangu alfajiri. Siku moja, wanaume wakiwa wamekwisha kumhukumu mwalimu wa msimu, mama wa aina hiyo huuliza swali akiwa anageuza vitumbua vyake:

"Jamani, baba zangu, na zile fedha za Okwi ziko wapi?"

Wote wakanyamaza, kisha mzee akaomba aongezewe kahawa.

Swali lile lilikuwa na uzito kuliko majina yote tisa niliyoyataja. Januari 2013 Okwi aliuzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 za Marekani. Fedha hizo hazikulipwa kwa wakati, suala likawa refu, likafika hadi FIFA. Na kabla mwaka haujaisha mchezaji mwenyewe alionekana amevaa jezi ya Yanga. Kaseja naye, mlinda mlango wa 2003 na wa mabao matano, aliachwa mwaka 2013, akaenda kuangukia Jangwani. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2011, Mbwana Samatta alichukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi baada ya muda mfupi tu Msimbazi. Mwaka 2015 aliipa Mazembe ubingwa wa Afrika, akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji na baadaye Aston Villa ya Uingereza. Twajivunia, na ni haki yetu. Lakini mwenye shamba anayeuza ng'ombe wa maziwa hana budi kuwaambia wanawe fedha zimenunua nini: mbegu, bati la paa, au ng'ombe mwingine.

Haya si mambo ya mwalimu. Mwalimu haandiki mkataba wa kuuza mchezaji. Hapangi siku ya mishahara, wala hashiki ufunguo wa sanduku la viingilio. Mara nyingi hata usajili huukuta umekwisha kufanywa na watu wenye mifuko na vipenzi vyao, naye akakabidhiwa wachezaji kama mpishi anayekabidhiwa kikapu cha soko asilokwenda yeye. Chakula kikiwa kibaya, mpishi ndiye hufukuzwa, na aliyenunua nyama iliyochacha hubaki mezani akilalamika kwa sauti kuliko wote.

Nisieleweke vibaya. Wapo walimu wabovu, na wapo wanaostahili kuondoka. Isitoshe, nitakuwa mwongo nikisema kwamba kubadili mwalimu huleta msiba daima. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza na Miguel Gamondi, ikaendelea na Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi. Walimu watatu katika msimu mmoja, na ubingwa ikauchukua, kwa kuifunga Simba 2-0 katika mchezo wa mwisho! Basi tuseme nini? Tuseme kwamba pale ambapo wachezaji ni wazuri, mishahara inalipwa na uongozi unajua unalolitaka, hata dereva akibadilishwa njiani gari hufika. Na pale ambapo injini imekufa, waweza kuwabadilisha madereva tisa, wote watakaa nyuma ya usukani wakitazama mbele, na gari halitasogea.

MVUA ILIPONYESHA

Ukame wa Msimbazi ulikwisha vipi? Mwaka 2017 wanachama walikaa wakakubali kuubadili mfumo wa kuiendesha klabu, na mfanyabiashara Mohammed Dewji akatangazwa kuwa mwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Mwaka huo huo usajili ulifanywa kwa kishindo. Okwi yule yule alirudi nyumbani na akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20. Mfaransa Pierre Lechantre akaikuta timu iko njiani, akaifikisha mwisho wa safari, na ubingwa wa 2017/18 ukapatikana. Siku ya kukabidhiwa kombe na Rais John Magufuli, Mei 2018, Simba ilifungwa 1-0 na Kagera Sugar, mchezo wake wa kwanza kupoteza katika ligi ile! Hata katika sherehe, kandanda haikosi kumkumbusha mtu unyenyekevu. Lechantre naye hakubaki, ingawa alikuwa ameleta kombe.

Baada ya hapo yalifuata makombe mengine matatu, hadi 2021. Na sasa wakawa ni Wanajangwani waliokaa vijiweni wakiisimulia dhahabu yao. Wao walikuwa wamempoteza mwenyekiti wao mwenye fedha, Yusuf Manji, aliyejiuzulu mwaka 2017. Msimu wa 2018/19, chini ya mwalimu Mwinyi Zahera, Yanga ilipitisha bakuli kwa wapenzi wake. Watani walicheka sana juu ya bakuli lile. Lakini mimi naliona kuwa moja ya mambo ya heshima yaliyofanywa na mashabiki wa nchi hii. Mwuza nguo, kuli wa bandarini na mwanafunzi walitoa walichokuwa nacho, na timu ile ya bakuli ilimaliza ligi katika nafasi ya pili. Wale walifahamu kwamba gari linahitaji mafuta, wala hawakuridhika na kumzomea dereva.

Kisha gurudumu likageuka tena. Kuanzia 2022 hadi 2025 Yanga ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Tarehe 5 Novemba 2023 iliifunga Simba 5-1, na katika siku mbili tu Mbrazili Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, akawa hana kazi. Mei 2025, Simba chini ya Fadlu Davids wa Afrika Kusini ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, miaka 32 baada ya ile fainali ya Kibadeni. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Safari hii mwalimu hakufukuzwa. Mwezi Septemba aliondoka mwenyewe kwenda Raja Casablanca. Anayefanya kazi mahali ambapo wenzake hawadumu, mlango ukifunguliwa kwingine, ana sababu gani ya kusubiri zamu yake?

TUWAFUNDISHE NINI WATOTO

Sasa niingie nyumbani, maana ukurasa huu ni wa familia.

Ziko nyumba nyingi mjini ambamo baba ni Simba, mama ni Yanga, na watoto wamegawanyika kama wali na maharage katika sahani moja. Hili ni jambo zuri. Mtoto aliyekua katika nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba mtu aweza kukupinga siku nzima na bado akakupakulia chakula jioni. Utani wa jadi ni shule kubwa, nao hauna budi kulindwa usigeuke uhasama. Baba anayemfokea mkewe kwa sababu ya bao la dakika ya mwisho, au anayemchapa mtoto aliyevaa kitambaa cha rangi ya upande wa pili, huyo hajaonyesha mapenzi kwa klabu. Amewaonyesha wanawe kwamba hasira ya mwenye nguvu ina haki ya kumwangukia asiye na nguvu.

Na hiyo ndiyo sura ya pili ya mambo niliyoyaeleza. Klabuni hasira humwangukia mwalimu, kwa sababu yeye ni mmoja, ni mgeni, na ana mkataba unaoweza kuvunjwa kabla ya chakula cha mchana. Nyumbani humwangukia mdogo. Shuleni, mtoto akifeli, humwangukia mwalimu wa darasa, na hakuna anayeuliza kama taa iliwashwa usiku, kama daftari lilinunuliwa, kama mzazi aliwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Tumezoea kumtafuta wa kumfukuza kabla ya kuuliza kilichoharibika.

Basi timu ikifungwa, jaribu jambo hili. Mwite mwanao aliye na machozi, wa Simba au wa Yanga, ukae naye. Usimwambie kwamba mwamuzi alihongwa ikiwa hujui. Usimwambie kwamba mwalimu ni mpumbavu. Mwulize: wewe uliona nini? Mlinzi yupi alikuwa amechoka? Kwa nini kipindi cha pili hawakukimbia? Watoto huona mengi, na mara nyingi huyaona vizuri kuliko sisi tuliojaa historia. Kisha msimulie za kale, zote: sita bila na tano bila, Cairo na Nyamagana, Kibadeni wa 1977 na Kibadeni wa 2013. Akizijua za kushinda na za kushindwa, hatakuja kudhani kwamba kufungwa kwake ndiko kwa kwanza duniani.

Na wewe uliye mwanachama mwenye kadi, ukiitwa mkutanoni, nenda. Usiende kupiga makofi wala kuzomea. Nenda ukaulize swali la mama wa vitumbua: fedha zilizoingia ni kiasi gani, zilizotoka ni kiasi gani, na mchezaji aliyeuzwa amenunua nini? Ni swali fupi, halihitaji elimu kubwa, na linaulizwa kwa adabu. Ukijibiwa kwa kebehi, uliza tena mwaka ufuatao. Kiongozi anayejua kwamba ataulizwa hununua nyama kwa uangalifu.

Baada ya kulipata jibu, kama bado waona kwamba kosa ni la mwalimu, sema aondoke. Ila utakuwa umelisema hilo mwisho, wala si kwanza. Na mwalimu atakayemfuata atazikuta sufuria ni safi na kikapu kina kitu.